Kabla hujaenda kambini

Mwanangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Sisi tu wazima, ila mguu wa baba yako umevimba tena na hataki kwenda kupimwa. Mdogo wako ataipiga picha barua hii akutumie kwenye simu, kwa sababu tangu Jumapili hupokei. Sikupigii ili tubishane. Nataka kujua kama umekula.

Amenionyesha ulichobandika huko kwenye simu. Cherehani inauzwa, friji inauzwa, godoro linauzwa, na chini umeandika Bwana yu karibu. Cherehani ile ni kahawa ya misimu miwili. Sikusimangi, ila ujue ni misimu miwili. Na wale watoto wa darasa la tatu umewaacha katikati ya muhula, wewe uliyekuwa unanisimulia kila mmoja wao kwa jina. Jumamosi mnaondoka kwenda kufunga siku 40. Uji hamnywi? Maji je? Akizimia mtu, nani anampeleka zahanati? Na kwa nini huwezi kuniambia hiyo kambi iko kijiji gani?

Mwaka 2000 nilikuwa na mimba yako redio ilipotangaza habari za kile kikundi cha dini cha Kanungu, Uganda, hapo ng'ambo ya mpaka. Wale hawakuwa wapagani, mwanangu. Walisali rozari, walifunga, na kati ya viongozi wao alikuwemo mtu aliyekuwa padre. Waliambiwa dunia inaisha tarehe 31 Desemba 1999, wakauza mashamba na ng'ombe. Tarehe ikapita. Watu wakaanza kuulizia mali zao, wakatajiwa siku nyingine. Machi 17 wakaingia kanisani mwao, milango na madirisha yakapigiliwa misumari, wakateketea pamoja na watoto wao, mamia ya watu. Baadaye ikafukuliwa miili mingine kwenye mashimo, katika nyumba za kikundi hicho hicho.

Na Shakahola ni wewe uliyeniambia, 2023. Ulinipigia usiku, sauti inakatika, ukasema huko Kilifi watu wamefunga hadi kufa ili wakamwone Yesu, na watoto wamo. Miili ikafukuliwa ikapita 400. Ulisema, mama, mtu mzima anakubalije? Leo nakuuliza mimi.

Sisemi kiongozi wenu ni kama hao. Simjui. Ninachojua ni kwamba amewatajia mwezi ambao dunia itaisha, na Bwana amesema katika Mathayo 24 kwamba siku ile na saa ile hakuna aijuaye, hata malaika walio mbinguni, wala Mwana, ila Baba peke yake. Mtu anayekutajia mwezi anadai ameona kilichofichwa hata kwa malaika. Wewe ulikuwa wa kwanza wa mafundisho ya kipaimara, Askofu alipouliza swali ulijibu wewe kabla ya wavulana wote, na mimi nilitembea siku hiyo kama mtu aliyepewa shamba. Kichwa kile kiko wapi?

Sasa lile neno kuhusu kaka yako. Ulisema mtoto ambaye hakubatizwa hana sehemu kwa Mungu, na kwamba hata ubatizo wangu wa utotoni ni maji tu. Nilikuambia mboga inaungua, nikakata simu. Hakukuwa na mboga jikoni.

Unajua alikufa na miezi minne, unajua kaburi liko wapi kwenye kibanja. Usichokijua ni kwamba katekista alikuwa amesema tusubiri, kwa kuwa ndoa yetu ilikuwa haijabarikiwa, nami nikaona tunadharauliwa, nikaacha hata kwenda kanisani. Homa ikampanda usiku. Sisi Wakatoliki tunafundishwa kwamba mtu yeyote anaweza kubatiza penye hatari ya kufa, maji na maneno yale basi. Nilifundishwa hivyo mimi mwenyewe. Maji yalikuwemo mtungini. Nilifikiri tutafika asubuhi.

Kwa hiyo unaponiambia mimi habari za mtoto asiyebatizwa, binti yangu, usidhani nazisikia kwa mara ya kwanza. Wazee wetu walifundishwa kwamba watoto wa namna hiyo wako mahali paitwapo limbo, hawaumii lakini hawamwoni Mungu. Miaka mingi nililala na neno hilo. Kisha tulikwenda kuhiji Namugongo, Uganda, na akina mama wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, Juni 3, sista mmoja akatusimulia shahidi mmoja mmoja wa Uganda, wale waliouawa kwa ajili ya imani. Akafika kwa Mukasa Kiriwawanvu. Huyu alichomwa pamoja na akina Karoli Lwanga mwaka 1886 akiwa bado mkatekumeni, hajabatizwa kwa maji. Mwaka 1964 Papa Paulo wa Sita akamtangaza mtakatifu pamoja na wenzake, mashahidi 22. Nilimwomba sista arudie. Akarudia. Nilikaa kwenye nyasi, wenzangu wakadhani ni jua.

Utasema yeye alimfia Kristo na mwanangu alikufa kwa malaria. Ni kweli, na hata mimi nilimwambia paroko hivyo hivyo. Akanieleza kwamba limbo haikuwahi kuwa fundisho la imani, yalikuwa maoni ya wanateolojia, na kwamba mwaka 2007 tume ya wanateolojia ya Roma, kwa idhini ya Papa Benedikto, ilisema tuna msingi mzito wa kutumaini kwamba watoto hawa wanaokolewa. Kutumaini, wala hakunidanganya kwa kusema ni hakika. Lakini mimi tumaini hilo limenitosha kuamka asubuhi. Novemba hii, kwenye bahasha ya marehemu, nimeandika jina lake kwa mara ya kwanza, chini ya jina la bibi yako. Mkono ulitetemeka kidogo.

Nawe mwizi wa msalabani umemweka wapi? Alibatizwa lini yule? Aliambiwa leo hivi utakuwa pamoja nami peponi.

Sikatai hukumu. Watu hufa mara moja na baada ya kufa hukumu, umenitumia mstari huo wa Waebrania mara tatu na mimi naukubali. Naiogopa siku yangu. Lakini Mathayo 25, pale Mfalme anapotenga kondoo na mbuzi, hakuna anayeulizwa alizamishwa kwenye maji mengi au alimwagiwa kichwani. Wanaulizwa habari ya mwenye njaa. Mwenye njaa, mwanangu! Na ninyi mnataka kuongeza wenye njaa wengine.

Kuna jambo baba yako amenikumbusha. Ulipokuwa mdogo, ukisema uongo, ukimwaga maziwa, nilikuwa nakushika mkono nakusogeza jikoni nakuonyesha moto, nakuambia wa jehanamu ni zaidi ya huo. Ulikuwa unakojoa kitandani. Mimi nilijiona nakulea vizuri. Baba yako hakusema zaidi ya hapo, alitoka akaenda kuwaangalia mbuzi. Sijui nimalizieje habari hii. Kama leo mtu akikutajia moto unamfuata popote, basi nakuomba urudi nyumbani tuzungumze, mimi na wewe, paroko asiwepo kama hutaki.

Njoo na meli ya kutoka Mwanza. Mdogo wako atakutumia nauli kesho baada ya kuuza mkungu, usimwambie baba ni wa upande wa barabarani. Mnyauko umetuingilia kule chini, tumekata migomba kumi na minne tukaifukia, na panga lazima lichomwe moto kila shina, kazi ambayo mguu wa baba yako hauwezi. Malipo ya pili ya kahawa chama hakijatoa. Senene wameanza kushuka tangu juzi, jirani amewasha taa kubwa, nasi tumepata debe moja. Nimekukaangia wa kwako, wako kwenye kopo la buluu, nimewakataza wote kuligusa.

Ukifika, ukitaka kusali usiku kucha tutasali, nitakaa nawe. Ukitaka kufunga Ijumaa tutafunga wote hadi jioni, kisha tutakula.

Na huyo mnunuzi wa cherehani, kama hajaja kuichukua, mrudishie pesa yake. Kama umeshazitumia, niambie ni kiasi gani, tutauza mbuzi mmoja. Jumamosi usipande gari lao. Leo usiku, kabla hujalala, chemsha hata mayai mawili, ule, kisha umtumie mdogo wako picha ya sahani.

Mama yako