Mwanangu, Jiwe Halitembei

Mwanangu mpenzi,

Salaam nyingi kutoka nyumbani. Picha za mazoezi yako ya Chennai nimezitazama moja moja. Mikono inapendeza. Magoti bado.

Nianze na hayo magoti, maana Bharatanatyam, ngoma hii ya kale ya kusini mwa India unayojifunza, yote imesimama juu ya araimandi, mkao wa nusu kuchuchumaa: visigino vimekaribiana, nyayo zimeelekea nje, magoti yamefunguka kulia na kushoto, mgongo wima. Wewe unataka kushuka chini upesi kabla nyonga hazijafunguka. Nyonga ikikataa, mwili hujitafutia njia ya pembeni: magoti yanakuja mbele, makalio yanatoka nyuma, kifua kinainama. Halafu goti linaanza kuuma upande wa ndani, kwa sababu unyayo umeelekea huku na paja linaelekea kule. Punguza. Geuza nyayo kwa kadiri paja linavyokubali kugeuka, goti likae sawa na kidole cha pili cha mguu, ushuke mpaka hapo tu. Kina kitaongezeka chenyewe.

Katika tattadavu, zile hatua za kwanza za kupiga mguu chini, piga kwa unyayo mzima kwa mara moja. Kisigino kikitangulia, mshtuko unapanda mpaka kiunoni. Vidole vikitangulia, sauti inafifia. Kasi ni tatu: hatua moja kwa kila pigo la tala, yaani mzunguko wa mapigo, kisha mbili, kisha nne. Kwenye ile ya hatua nne utajikuta umeinuka bila kujijua ili miguu iwahi, na araimandi imekwisha. Rudi kasi ya pili. Njuga nazo ziweke kando kwanza. Zinalia vilevile hata unyayo ukitua vibaya, zikakudanganya.

Sasa mikono. Ua la yungiyungi hufundishwa kama alama moja ya mkono, alapadma, na wanafunzi wengi hufungua vidole vyote kwa pamoja, bapa, kama mtu anayepokea chenji. Nenda kwenye bwawa lolote asubuhi ulitazame lenyewe. Petali hazilali usawa mmoja. Kwa hiyo anza na mukula, ncha za vidole vitano zimekutana, hilo ndilo tumba. Kisha fungua ukitangulia na kidole cha mwisho: hicho kivute kuelekea kiganjani kuliko vyote, cha pete kifuate kwa kupungua kidogo, cha kati kipungue tena, cha shahada karibu kinyooke, gumba likae wazi. Kiganja kinakuwa na kina. Ukiona mifupa ya nyuma ya mkono imekaza, umetumia nguvu mno, ua halijikazi.

Juu yake mlete nyuki, bhramara, kwa mkono wa kulia: ncha ya kidole cha kati inagusa ncha ya gumba, cha shahada kimejikunja mpaka shina la gumba, viwili vilivyobaki vimenyooka. Hapa wengi humtikisa nyuki tangu mwanzo hadi mwisho. Nyuki halisi huzunguka, akasita, akatua, na akitua anatulia. Macho yako yamfuate kwa kuchelewa kidogo sana, kama mtu asiyejua atatua wapi. Yakitangulia mkono, mtazamaji ameshajua kila kitu, na tamu imekwisha.

Miendo ya wanyama iko vivyo hivyo. Katika miendo kumi ya mafundisho ya zamani wamo bata maji, tausi, swala, tembo, farasi, simba, nyoka na chura, na miwili iliyobaki ni ya shujaa na ya mwanadamu. Mwendo wa tausi unasimama kwenye vidole vya miguu, mikono katika kapittha, alama ya kidole cha shahada kilichojikunja juu ya gumba, goti moja moja likisogea kwa zamu. Kosa ni kurukaruka. Tausi hana haraka, mkia wake mzito. Kwa shingo, mojawapo ya mijongeo minne, prakampita, ni ile ya mbele na nyuma, nayo inafananishwa na shingo ya njiwa jike. Kwa hiyo huhitaji mbuga ya wanyama. Njiwa wamejaa kwenye paa la nyumba unayokaa.

Mahekalu ndiyo yanayopotosha watu. Yapo mambo 108 yaitwayo karana, mkono na mguu vikienda pamoja, na yamechongwa kwenye malango ya hekalu la Nataraja, yaani mungu Shiva akicheza ngoma, huko Chidambaram. Hekalu kubwa la Thanjavur, lililokamilika mwaka 1010 chini ya mfalme Rajaraja wa Kwanza, lina 81 tu. Nafasi 27 zilibaki mawe matupu. Mwanafunzi hufika, akaona mguu umeinuliwa hadi kichwani, akarudi nyumbani kujikunja mpaka apate picha ileile. Lakini mchongaji alikuwa na jiwe moja kwa kila karana, akachagua nukta moja ya mjongeo: wakati mwingine mwanzo, wakati mwingine katikati. Mcheza ngoma na mtafiti Padma Subrahmanyam alijenga kazi yake kubwa juu ya hoja hiyo, kwamba karana ni mjongeo, si pozi. Ukiiga pozi tu umechukua nusu.

Mwenzako wa Odissi, ngoma ya kale ya mashariki mwa India, atakwambia habari za hekalu la Konark na mikunjo mitatu ya tribhanga, kichwa, kiwiliwili na nyonga. Tazama ufurahi, ila usiilete nyonga hiyo kwenye araimandi yako. Mwalimu ataiona kabla hujamaliza hatua.

Ukienda Chidambaram, fika asubuhi. Mahekalu mengi ya Tamil Nadu hufungwa adhuhuri na kufunguliwa alasiri, na viatu huvuliwa, na jiwe la mchana linaunguza. Simama chini ya lango, chagua karana moja tu, usipige picha kwanza. Angalia uzito wa mwili uko mguu gani. Kisha jiulize ule mguu mwingine umetoka wapi, na mkono unaelekea wapi baada ya hapo. Jibu utakaloliandika nitumie pamoja na picha za magoti mapya.

Mama yako