Walimu wa Fortran, arei msiziache juujuu

Mhariri, naomba nafasi kidogo niseme na wanaofundisha programu huku kwetu Mbeya. Vijana wa chuo wanaopita kwangu Mwanjelwa kuomba msaada wa Fortran, lugha ya kuandikia programu za hesabu, karibu wote hawajui kutangaza arei, yaani kuiambia programu mapema jedwali la namba lina nafasi ngapi, na siwalaumu, wameandikiwa ubaoni real :: a(100) wakaambiwa haya tuendelee.

Sasa chukua data za mvua, miezi 12 kwa miaka 30, 1991 mpaka 2020, namba 360, kwenye faili kila mwaka una mstari wake. Kijana anaandika real :: mvua(1991:2020,12) halafu anasoma faili zima kwa mpigo, read(10,*) mvua, kompaila, ile inayogeuza programu iwe lugha ya mashine, kimya, namba zote zimeenea, anajua kamaliza. Kumbe Fortran ikijaza arei inaanza kukimbiza ile namba ya kwanza kwenye mabano, hapo ni miaka, kwahiyo Februari 1991 inaenda kukaa Januari 1992, na Julai 1991 ambayo huku ni kiangazi inatua Januari 1997. Januari bana! Mkulima yeyote wa viazi pale Uyole akiona grafu yenye Januari kavu hivyo atacheka, ila kompyuta haina shamba.

Hapo ni kugeuza tu, real :: mvua(12,1991:2020), basi. Na huo ndo utamu wa Fortran, arei si lazima ianzie 1, unaianzisha mwaka unaoutaka mwenyewe, ila ukiipeleka kwenye sabrutini, yaani kipande cha programu kinachoitwa kando, iliyoitangaza x(:,:) mipaka yako inabaki mlangoni, kule ndani inahesabu toka 1 upya, hili nalo vijana hawaambiwi kabisa.

Halafu kuna wanaosema lugha ya 1957 ya nini tena. Mbona WRF, modeli ya hali ya hewa inayotumika nchi kibao, imeandikwa kwa Fortran hiyohiyo?

Walimu, mkitumia kompaila ya gfortran waonyesheni -fcheck=bounds, swichi ya kukagua mipaka ya arei, maana bila hiyo namba ya mwezi, m, ikiteleza ikafika 13 kwenye mvua(m,2019) mara nyingi unapewa Januari 2020 na programu inasonga kama hakuna kitu. Lakini ile ya kugeuza miezi na miaka haiwezi kuikamata, pale mipaka haijavunjwa, pale kijana achapishe mwaka mmoja aulinganishe na faili kwa macho yake kabla hajachora chochote.

Msomaji wako,
Mwanjelwa, Mbeya