Yah: Malalamiko kuhusu makala yenu ya kifo cha Duke wa Clarence

Kwa Mkuu wa Vipindi,

Tunaandika kama wateja wa kifurushi chenu cha historia. Makala yenu ya ndugu watatu wa ukoo wa York, uliotawala Uingereza karne ya 15, mliyoiingizia sauti ya Kiswahili, ina makosa ambayo hayawezi kuachwa yarudiwe hewani.

Kosa kubwa liko dakika ya 31. Msimulizi anasema George, Duke wa Clarence, "alinyongwa kwa siri kwa amri ya mdogo wake, Mfalme Richard III". Clarence alikufa Februari 18, 1478. Aliyekuwa mfalme ni kaka yao mkubwa, Edward IV, aliyefariki Aprili 9, 1483, na Richard alivishwa taji Julai ya mwaka huohuo. Kwa hiyo mmemtwisha mdogo mtu damu iliyomwagwa na kaka mtu.

Tena haikuwa siri. Bunge lilifunguliwa Januari 16, 1478, na Edward mwenyewe ndiye aliyeleta muswada wa kumtia nduguye hatiani kwa uhaini. Utaratibu huo haukuhitaji mahakama: Bunge likishapitisha, mtu amekwisha kuhukumiwa, na cheo, ardhi na urithi wa watoto wake vinakwenda naye. Mwandishi wa kumbukumbu za historia wa abasia (nyumba ya watawa) ya Crowland anaeleza kwamba hakuna aliyemsema Clarence ila mfalme, wala aliyemjibu mfalme ila Clarence. Hukumu ilitamkwa na Duke wa Buckingham. Edward akasita, mpaka Spika alipokwenda kuwaomba makabaila hukumu itekelezwe. Kilichofanyika faraghani, ndani ya Mnara wa London, ni kuua kwenyewe tu. Hayo yote mmeyaruka, na bila hayo mtazamaji hawezi kuelewa kwa nini mwaka 1483 mtoto wa Clarence, mwenye umri wa miaka 8, alizuiwa kudai kiti cha enzi: hatia ya baba ilikuwa imemfungia mlango.

Neno "alinyongwa" mmelitumia kwa kila aliyeuawa. Ankarette Twynho alinyongwa kweli. Clarence alimtuhumu mama huyo kumpa mkewe, Isabel, pombe yenye sumu. Watu wake wakamkamata katika jimbo la Somerset, wakamburuza hadi mji wa Warwick, na Aprili 15, 1477 kesi, hukumu na kitanzi vyote vikamalizika ndani ya saa tatu. Thomas Burdett, mtu wa Clarence, naye alinyongwa Tyburn, mahali pa kunyongea watu karibu na London, Mei 20 mwaka huo, na Clarence akaingia katika baraza la mfalme kutaka tamko la Burdett la kutokuwa na hatia lisomwe. Mambo hayo mawili ndiyo yaliyomfikisha pabaya, kwa sababu kwanza alijifanya hakimu mwenye mamlaka ya mfalme, kisha akaipinga hukumu ya mfalme hadharani. Makala yenu imeyapa sekunde 20.

Kuhusu Clarence mwenyewe, mwandishi wa Crowland hataji namna alivyouawa. Dominic Mancini, Mtaliano aliyekuwa London mwaka 1483, ndiye aliyeandika kwamba alizamishwa katika mvinyo mtamu. Semeni "inasimuliwa", na ondoeni ile picha ya ndoo. Mapokeo yanataja pipa kubwa la mvinyo wa malmsey, na pipa la kipimo hicho lilichukua galoni 126, takriban lita 477. Mtu mzima anaenea humo. Kwenye ndoo yenu hata kichwa hakiingii.

Ukoo nao mmeuvuruga. Richard Neville, Earl wa Warwick, mnamwita "shemeji" wa Clarence. Warwick alikuwa mtoto wa mjomba wake, kisha akawa baba mkwe wake Julai 11, 1469, Clarence alipomwoa Isabel huko Calais bila ridhaa ya mfalme. Richard alipomwoa Anne, mdogo wa Isabel, ndugu hao wawili wakawa wanyumba, na hapo ndipo ugomvi wao ulipochacha. Hawakugombea taji kama msemavyo. Waligombea mirathi ya Warwick, aliyeuawa vitani Barnet Aprili 14, 1471. Ili wagawane ardhi ya mjane wake, Bunge lilipitisha sheria mwaka 1474 kwamba ahesabiwe kama mtu aliyekwisha kufa, naye yu hai! Inasikitisha kwamba jambo zito namna hiyo halimo kabisa katika makala ya dakika 52.

Tunaomba kipindi kisitishwe hadi sauti ya dakika ya 31 hadi 38 irekodiwe upya, na mwaka 1483 unaoonekana kwenye maandishi ya skrini chini ya jina la Clarence ubadilishwe kuwa 1478. Msirekebishe maandishi mkaiacha sauti, maana wengi wanasikiliza bila kutazama. Kila palipoandikwa "kunyongwa" pakaguliwe: kitanzi ni kunyongwa, shoka ni kukatwa kichwa, na pasipojulikana andikeni "kuuawa". Mwanawe Clarence, Edward, alikatwa kichwa Novemba 28, 1499 chini ya Henry VII, na hapo pia mmeandika alinyongwa.

Waliolipia kipindi hiki peke yake, nje ya kifurushi, warudishiwe fedha zao au wapewe toleo lililosahihishwa bila malipo. Tunategemea majibu ya maandishi ndani ya siku 14, yakitaja tarehe ambayo toleo jipya litawekwa.

Wenu,
Wateja wa kifurushi cha historia