Prodyuza si mtoa hela tu

Mhariri, kila mkiandika habari za filamu ni mwongozaji na waigizaji weee, prodyuza mnamtaja mwishoni kama tajiri aliyetoa hela, na hapo ndo mnapokosea maana hela mara nyingi hata si zake, kazi yake ni kuzisaka, kununua haki za hadithi, kumpata mwandishi, kumwajiri huyo huyo mwongozaji mnayemsifu, halafu kubanana na bajeti mpaka filamu iuzwe. Mvua ikinyesha siku ya kushuti nje, yeye ndo anaamua wasubiri au wahamie sini za ndani, na huku watu wote wanalipwa hata wakikaa bure. Ndo maana Oscar ya filamu bora wanapewa maprodyuza, sio mwongozaji.

Mfano ni prodyuza wa Marekani Kathleen Kennedy, alianza kama msaidizi wa mwongozaji Steven Spielberg, 1982 akawa prodyuza wa filamu ya E.T. pamoja naye, 2012 akawa rais wa Lucasfilm, kampuni ya filamu za Star Wars. Kwenye tivii ndo usiseme, waongozaji wanabadilishana epizodi, prodyuza yupo pale pale. Ila wale wanaowekwa jina kwa heshima tu (wapo wengi jamani), hao mkiwaruka sina ugomvi.

Msomaji wenu