Kubadhi la nchi za baridi haliwezi kuota Makunduchi

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niwatahadharishe wasomaji, hasa wenye bustani na nyumba za wageni upande wa mashariki na kusini mwa Unguja, juu ya mizizi ya okidi, jamii ya mimea ya maua, ambayo imekuwa ikitangazwa kwa simu tangu kipupwe kilichopita. Picha inayotumwa ni ya ua zuri mno. Lina kifuko cha manjano kilichotuna mfano wa ncha ya kubadhi, kimezungukwa na petali nyembamba za rangi ya kahawia iliyokoza, mbili kati yake zikiwa zimejisokota kama utepe.

Dada yangu anayeishi Makunduchi alinunua vipande vitatu vya mizizi hiyo kwa shilingi 90,000. Alipouliza kama ua la namna hiyo litakubali katika ardhi ya maweni, muuzaji alimjibu kwa adabu zote, "Shikamoo mama, huko kwenu ndiko hasa kwenyewe, maana ua hili linapenda udongo wa chokaa." Nusu ya jibu hilo ni kweli, na nusu hiyo ndiyo iliyomfungua dada mkoba. Vipande vilifukiwa kivulini chini ya mwembe, vikatiliwa makumbi na kumwagiwa maji kila jioni. Baada ya miezi miwili nilivifukua mwenyewe nikakuta vimeoza na kuwa ute.

Mimi ni mkulima wa vanila, na vanila nayo ni okidi, jambo ambalo wengi wetu tunaoipandisha kwenye miti hatulifikirii. Kwa sababu hiyo nimekuwa nikisoma habari za jamaa zake kwa miaka mingi, na ua la kwenye picha nalifahamu. Jina lake la kitaalamu ni Cypripedium calceolus, alilopewa na Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden, mwaka 1753. Makazi yake ni misitu na vichaka vya Ulaya na vya sehemu za Asia ya kaskazini, na ni kweli kwamba huko kwao hupendelea mahali penye mawe ya chokaa. Maweni ya Makunduchi ni chokaa ya matumbawe, kwa hiyo muuzaji hakukosea kuhusu mawe. Alichonyamazia ni baridi.

Ua hili haliishi juu ya mti kama okidi tunazoziona msituni Ngezi, Pemba. Linaishi ardhini, kwa shina la chini linalotambaa kama tangawizi. Majani yake hukauka yote wakati wa vuli ya huko, na shina hulala miezi kadhaa chini ya udongo ulioganda, mara nyingi likiwa limefunikwa na theluji. Usingizi huo ni sehemu ya maisha yake, kwani bila baridi ndefu vichipukizi vya mwaka unaofuata havipati ishara ya kuamka kama inavyotakiwa. Kwetu hata usiku wa Julai, tunapojifunika shuka mbili na kulalamika, joto ni kiasi cha nyuzi 22. Kwa mmea huo hali hiyo ni kiangazi kisichokwisha, na ukiongeza unyevu wa masika, kuoza ndiko kunakofuata.

Wapo watakaosema basi tuagize mbegu, tuzizoeze hali ya hewa yetu tangu utotoni. Mbegu za okidi ni kama vumbi, hazibebi akiba ya chakula kama kunde au choroko, na porini haziwezi kuota mpaka zikutane na kuvu wa aina maalumu ndani ya udongo atakayezilisha. Zikishaota, miaka mingi hupita kabla ya ua la kwanza kuonekana. Wataalamu wa Ulaya wameweza kuziotesha maabara, ndani ya chupa zenye chakula kilichotengenezwa, na miche yao halali inauzwa, lakini hata miche hiyo hudai baridi yake.

Niseme pia kwamba ua lenyewe ni tapeli kwa namna yake. Kifuko kile hakina hata tone la asali. Nyuki mdogo huvutwa na rangi na harufu, hutumbukia ndani, hushindwa kupanda kuta zinazoteleza, na njia pekee anayobakiwa nayo ni upenyo mwembamba wa nyuma, ambako hulazimika kujisugua kwenye chavua kabla ya kuondoka mikono mitupu. Sisi wa vanila kazi hiyo tunaifanya kwa mkono, ua moja baada ya jingine, asubuhi kabla halijafumba, kwa njia aliyoigundua Edmond Albius, kijana mtumwa wa miaka 12, katika kisiwa cha Réunion mwaka 1841. Dada yangu aliposikia habari ya nyuki yule alicheka kwa mara ya kwanza tangu mizizi ioze.

Lipo jambo zito zaidi ya hasara ya dada. Uingereza ua hili lilichimbwa na wapenda bustani na wakusanyaji kiasi kwamba mwaka 1917 lilitangazwa kuwa limetoweka. Mwaka 1930 ulipatikana mmea mmoja tu, huko Yorkshire, na mahali ulipo pakafanywa siri. Kwa miaka mingi watu wamekesha kuulinda kila msimu wa kuchanua. Miche iliyooteshwa maabara ilirudishwa porini, na ua la kwanza la miche hiyo lilichanua mwaka 2000. Kwa hiyo mtu anapouza mizizi ya ua hili kwa vipande, bila karatasi yoyote, kuna mawili: ama ameuza mizizi ya mmea mwingine kabisa, ama kuna msitu wa watu mahali fulani ulioibiwa.

Kukosea jina la ua si ajabu, nakubali. Jimbo la Minnesota, Marekani, lilichagua ua hilihili mwaka 1893 liwe ua lake rasmi, kisha ikabainika kwamba halioti katika jimbo hilo. Mwaka 1902 wakabadilisha wakachukua ndugu yake mwenye rangi ya waridi na nyeupe, ambalo tangu mwaka 1925 ni kosa la kisheria kulichuma huko. Lakini wao hawakumtoza mtu fedha.

Okidi zote duniani zimo katika orodha za mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe vilivyo hatarini, na Tanzania ni mwanachama. Mmea wa porini wa aina hii hauvuki mpaka kihalali bila kibali cha nchi unakotoka, achilia mbali cheti cha afya ya mimea ambacho maofisa wetu wa ukaguzi bandarini Malindi na uwanja wa ndege wana haki ya kukidai. Mzizi wenye udongo wa kigeni unaweza kuleta magonjwa, nasi tuna mikarafuu, migomba na tangawizi za kulinda. Sizungumzii okidi za Asia zinazouzwa katika vyungu, ambazo zimetoka nchi za joto na zinastawi vizuri kwenye mabaraza ya mjini. Anayezitaka azinunue kwa amani.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni kwamba matangazo ya mizizi hii yakiletwa kwenye gazeti lako, mletaji atakiwe kwanza kuonyesha kibali cha CITES na cheti cha afya ya mimea. Nilimuuliza dada kama alipewa chochote cha namna hiyo. Alinitolea mfuko wa plastiki uliokuwa umefungiwa mizizi na namba ya simu ambayo sasa haipokelewi.

Wako,
Mkulima wa vanila,
Kizimbani, Unguja