Malalamiko kuhusu mtutu wenye msokoto tofauti na ule wa kwenye katalogi

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja

YAH: MTUTU WA KALIBA .223 USIOLINGANA NA MAELEZO YENU

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nilinunua kwenu bunduki ya shabaha kwa sababu katalogi yenu inasema mifereji ya ndani ya mtutu wake inakamilisha mzunguko 1 kwa kila inchi 8. Niliutaka msokoto huo kwa kuwa natumia vichwa vya risasi vya greni 77, yaani takriban gramu 5. Mtutu mlionipa una mzunguko 1 kwa inchi 12, yaani unaizungusha risasi polepole zaidi.

Kwa umbali wa mita 100, karatasi ya shabaha ilionyesha kila kitu. Matundu yalikuwa marefu, yamechanika upande mmoja, alama ya kichwa cha risasi kilichoingia kimelala ubavu. Risasi nyingine hazikugusa karatasi kabisa. Nilipoweka za greni 55 katika mtutu uleule, zilitoboa matundu ya mviringo na kukaa karibu karibu.

Nilipowapigia simu, mhudumu wenu aliniambia nikaze skrubu za darubini. Darubini iliyolegea husogeza mahali risasi inapopiga. Haiwezi kuilaza risasi ubavu ikiwa hewani. Jibu hilo lilinisikitisha kuliko kosa lenyewe, kwani aliyelitoa ndiye mnayemtegemea kumshauri mteja achague mtutu upi.

Nimeupima mtutu mwenyewe. Nilichukua ufito wa kusafishia wenye mpini unaozunguka, nikaufunga kitambaa kinachobana, nikautia alama ya kalamu, kisha nikausukuma taratibu hadi alama ilipozunguka na kurudi juu. Nilipima umbali uliosukumwa nikapata inchi 12. Nilirudia, ikawa vilevile.

Inafaa niseme kwa nini tofauti hii si ndogo. Watu huzungumzia uzito wa risasi, lakini kinachodai msokoto hasa ni urefu wake. Kwa kaliba moja, yaani kipenyo kimoja cha mtutu, unene wa risasi haubadiliki, hivyo uzito ukiongezeka risasi hurefuka, na iliyo ndefu huhitaji kuzungushwa kwa kasi zaidi, la sivyo huyumba kama pia ya watoto inayoishiwa nguvu. (Ndiyo maana risasi ya shaba tupu, kwa kuwa shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi, huwa ndefu zaidi kwa uzito uleule na hutaka msokoto mkali zaidi.) Kanuni ya mwanahisabati Mwingereza George Greenhill ya mwaka 1879 bado inatoa makadirio mazuri ya inchi zinazofaa kwa mzunguko 1: zidisha 150 kwa kipenyo kilichozidishwa kwa chenyewe, kisha gawanya kwa urefu. Kwa risasi ziendazo kasi sana hutumika 180. Kichwa cha greni 77 kina kipenyo cha inchi 0.224 na urefu unaokaribia inchi 1. Hata kwa 180, jibu ni kama inchi 9. Inchi 12 haikaribii hata kidogo.

Wala hili si jambo jipya. Miaka ya 1960 jeshi la Marekani lilibadilisha msokoto wa bunduki yake ya M16 kutoka inchi 14 hadi 12, baada ya risasi kuyumba katika hewa nzito ya baridi kali. Miaka ya 1980 toleo jipya la bunduki hiyo, M16A2, likaja na inchi 7 kwa ajili ya risasi ndefu zaidi. Mtengenezaji wa mitutu anayajua haya.

Nalisisitiza pia suala la usalama. Risasi inayopinduka hewani haijulikani itaangukia wapi, na uwanjani sipigi peke yangu.

Kwa hiyo naomba mnibadilishie mtutu kwa gharama zenu, niletewe wenye msokoto wa inchi 8 uliopimwa kabla ya kutumwa. Pia kagueni mitutu mingine iliyotoka pamoja na huu na muwaarifu walioinunua. Na msokoto uchongwe juu ya mtutu wenyewe, kando ya kaliba. Kaliba peke yake haimwambii mnunuzi ni risasi gani zitakazotulia.

Nisipopata jibu la maandishi ndani ya siku 14, nitalifikisha suala hili kwenye mamlaka ya kulinda watumiaji. Mtutu na karatasi za shabaha nimevihifadhi, na fundi wenu anakaribishwa kuupima mbele yangu.

Wenu,
Mteja