Safari ya Misali Jumapili

Assalaam alaykum jamaa.

Jumapili tunakwenda kisiwa cha Misali, magharibi ya Pemba. Tunakutana bandari ya Wesha, Pemba, saa 1 kamili asubuhi. Tafadhali msichelewe: maji yakishakupwa, kupanda boti ni kazi kwa wazee wetu.

Misali hakuna wakaazi, duka wala kisima. Wavuvi hupiga dago (kambi ya muda) tu, kisha huondoka. Maji ya kunywa kila mtu abebe yake, lita 3 si nyingi kwa jua lile. Chakula nimeshamwachia Bi Mkubwa wetu: mkate wa kumimina na samaki wa kukaanga.

Nawaomba sana kuhusu kasa. Wanapanda ufukweni kutaga, na mayai yamefukiwa mchangani. Mkiona mburuzo mpana umetoka majini kwenda juu, mtu asipite hapo, na watoto wasichimbe karibu. Matumbawe nayo hayakanyagwi. Tumeshaona kwengine yalivyokufa. Hii ni hifadhi tangu 1998, na wavuvi wenyewe wamekubali sehemu isivuliwe. Sisi wageni wa siku moja tusiwaharibie.

Jaketi la kuokolea atavaa kila mtu, hata anayejua kuogelea. Taka zote zinarudi Wesha.

Anayekuja aandike jina hapa kabla ya Ijumaa magharibi, nahodha anataka idadi.